Kulowekwa au Kuchemshwa: Dawa za Bibi Zetu Ziandikwe



Vijana wetu wafanyao biashara Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla ya nguo na saa ulio magharibi ya stesheni ya reli ya Guangzhou, aghalabu hubeba katika mizigo yao unga wa mwarobaini, habasoda na majani ya mstafeli. Wakiugua ugenini, wapo wanaoona haya kuvitumia, na wapo wanaovitegemea hata hospitali ikasahauliwa. Rai yangu ni kwamba makundi yote mawili yanaudhulumu urithi mmoja, na ushahidi uko katika nchi hiyo hiyo ya Uchina.

Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong, ambaye aliumalizia umri wake katika mlima Luofu, mashariki ya Guangzhou, aliandika dawa ya homa za vipindi: mmea uitwao qinghao ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakuandika uchemshwe. Miaka elfu moja na mia sita baadaye, bibi Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria. Matokeo yao yalikuwa hayatulii, mpaka aliporejea maandishi yale akatanabahi kwamba huenda moto ndio ulioiharibu dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na dawa ikapatikana. Kiambato hicho ndicho artemisinini, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Faida yake imetufikia sisi. Dawa mseto ya malaria inayotolewa katika hospitali za pwani yetu imejengwa juu ya kiambato hicho. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou, wakiongozwa na Profesa Li Guoqiao, walishirikiana na serikali ya Komoro kuwapa wakazi wa kisiwa cha Mwali dawa ya namna hiyo, na malaria ikapungua sana.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza, neno moja lililoandikwa kwa usahihi liliokoa roho nyingi. La pili, Wachina hawakuishia kulisifu jani, walilipima. Hata leo Shirika la Afya Duniani halishauri mtu anywe chai ya mmea huo kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani.

Mstafeli nao uko katika njia hiyo, ila haujafika mwisho wake. Maabara zimeonyesha kwamba viambato vyake huweza kuua seli za saratani katika chupa. Haijathibitishwa kwamba mgonjwa anayekunywa majani yake hupona. Anayemwachisha jamaa yake matibabu kwa ajili ya majani hayo anamhatarisha. Karafuu, kwa upande wake, imekwisha kupimwa: kiambato kikuu cha mafuta yake, yujenoli, madaktari wa meno hukitumia hadi leo. Bibi zetu walioweka karafuu juu ya jino bovu hawakuwa wajinga.

Nimekuwa karani maisha yangu yote, na katika ukarani jambo lisiloandikwa ni kama halikuwako. Babu zetu walivuka bahari na maarifa haya vifuani. Sisi tumetawanyika zaidi yao, na wazee wanaoyajua wanatutoka kila mwaka. Kwa hiyo kila nyumba na iwe na daftari. Andikeni jina la mti kama bibi alivyolitamka, jani bichi au kavu, kulowekwa au kuchemshwa, kiasi gani, kwa maradhi gani, na nani alikatazwa kuitumia. Kisha mwachieni mtafiti apime, na mgonjwa aende kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.