Usitupe Karatasi Yenye Jina la Mwanao

Wiki iliyopita nilikuwa napekua begi la mwanangu nikitafuta daftari la hesabu. Chini kabisa nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, ina doa la chai. Ilikuwa ratiba ya mchezo wa kuigiza wa shuleni kwao. Jina lake lilikuwa la mwisho: Mlinzi wa Pili. Nikaitupa.

Jioni akaiulizia. Nilipomwambia ilipo, hakulia. Alikwenda kimya kimya kuitafuta kwenye pipa la taka.

Wazazi wenzangu, siku hiyo nilikumbuka habari za kabuki, maigizo ya Kijapani yenye muziki, dansi na mavazi mazito. Yalianzishwa na mwanamke aitwaye Okuni huko Kyoto mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1629 serikali ikawapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani, na hadi leo wanaume ndio huigiza hata nafasi za kike.

Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, onyesho lilianza asubuhi likaendelea hadi jioni. Watu walikula na kunywa humo humo. Hapakuwa na kamera wala simu. Pazia likifungwa, kilichobaki mkononi ni karatasi, nayo iliitwa banzuke.

Zilikuwepo za aina kadhaa. Kubwa zilibandikwa njia panda kutangaza mchezo. Nyingine zilitoka mwezi wa kumi na moja, msimu mpya ulipoanza, zikionyesha waigizaji wote wa ukumbi kwa mwaka huo. Na vilikuwepo vijitabu vyembamba vyenye michoro ya matukio ya mchezo na majina ya waigizaji.

Fundi alichonga maneno na picha kinyumenyume kwenye ubao mgumu wa mti wa mcheri. Ubao ukapakwa wino mweusi, karatasi ikalazwa juu yake na kusuguliwa kwa mkono. Kazi ngumu hiyo, kwa kitu cha bei rahisi ambacho msimu ukipita hakina kazi tena.

Majina hayakupangwa ovyo. Nyota waliwekwa mahali pa heshima kwa herufi nene. Wadogo walibanana kwa herufi nyembamba. Lakini waliandikwa! Leo Jumba la Makumbusho ya Tamthilia la Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, lililofunguliwa mwaka 1928, limehifadhi banzuke nyingi sana. Kwa karatasi hizo wataalamu wanajua nani aliigiza nini, wapi na lini, hata wale ambao hakuna mchoraji aliyejisumbua kuwachora.

Wamefika huko kwa sababu mtu fulani, nyumbani kwake, hakutupa.

Mzazi, tafuta bahasha moja kubwa. Weka humo ratiba za michezo, kwaya na mahafali ya watoto. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, na jambo moja ambalo mtoto mwenyewe amekusimulia kuhusu siku hiyo. Usingoje awe mhusika mkuu.

Ya kwetu tuliipata, ina maganda ya viazi. Tumeifuta na kuianika. Nyuma yake ameniambia niandike hivi: "Mkuki wangu ulivunjika, lakini sikucheka."