Kizuri Hakijiuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na aghalabu wahenga hawakosei. Lakini methali hii, kwa jinsi inavyotumiwa siku hizi, imegeuzwa mto wa kulalia wavivu. Mhariri asiyetaka kusoma kazi ya mtu asiyemjua huitaja. Mtangazaji arudiaye nyimbo zilezile kumi asubuhi na jioni huitaja. Na wako wanaoongeza kwamba, maadamu sasa ipo intaneti, ambamo kila mtu aweza kuweka wimbo au shairi lake, basi aliye bora ataonekana tu, na asiyeonekana hakustahiki. Hoja hiyo ni batili, na kazi ya mtangazaji mmoja wa Kiingereza yatosha kuibatilisha.

Mtangazaji huyo ni John Peel, ambaye jina lake la kuzaliwa ni John Ravenscroft. Alizaliwa mwaka 1939 karibu na Liverpool, akajifunza utangazaji Marekani, kisha mwaka 1967 akashika zamu ya usiku katika Radio London, kituo cha maharamia kilichorusha matangazo kutoka melini. Kituo hicho kiliponyamaza Agosti ya mwaka huo kwa nguvu ya sheria, Peel aliingia BBC Radio 1, iliyozinduliwa mwezi Septemba. Alidumu humo miaka 37, hadi mauti yalipomfika Cuzco, nchini Peru, Oktoba 2004.

Katika miaka hiyo alifanya nini? Alisikiliza. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo gumu kuliko yote. Vikundi visivyo na kampuni, visivyo na wakala, visivyo na hata fedha ya kupiga santuri ya pili, vilimpelekea kanda na sahani zao kwa posta, naye akazisikiliza nyumbani na garini. Nyumba yake ikajaa: alipofariki aliacha albamu zaidi ya 26,000 na santuri ndogo zaidi ya 40,000.

Tena alikuta kikwazo akakigeuza ngazi. Zamani BBC ilifungwa na mapatano na chama cha wanamuziki na makampuni ya santuri: saa za kupiga sahani hewani zilikuwa na kikomo. Ilibidi saa zilizobaki zijazwe na muziki uliorekodiwa na BBC yenyewe. Peel aliwakaribisha humo wasiojulikana. Kikundi kiliitwa studio, aghalabu ile ya Maida Vale jijini London, kikarekodi nyimbo kama nne kwa siku moja, kikalipwa ujira wake, na nyimbo zikasikika nchi nzima. Kikomo hicho kilifutwa mwaka 1988, naye hakuacha. Zilirekodiwa hivyo awamu zaidi ya 4,000, za wasanii wapatao 2,000.

Na tuulizwe sasa: je, hao walijiuza? Mwaka 1978 kikundi cha The Undertones kutoka Derry, mji uliokuwa ukiungua kwa ghasia za Ireland ya Kaskazini, kilitoa santuri kupitia kampuni ndogo ya Belfast. Peel aliupiga wimbo wao "Teenage Kicks" hewani, ulipokwisha akaupiga tena papo hapo. Baada ya hapo ndipo kampuni kubwa ilipokitia mkataba. Wimbo ulikuwa uleule juzi na leo. Kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyeutolea ushahidi.

Mwaka 1981 Jarvis Cocker wa Sheffield, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20, alimkabidhi Peel kanda ya kikundi chake, Pulp, mkono kwa mkono. Kwa kipimo cha methali, kijana huyo alikuwa akijitembeza. Peel akawaita studio mwaka huohuo. Umaarufu wa Pulp ulikuja mwaka 1995, miaka 14 baadaye. Soko lilihitaji miaka 14 kuona alichokiona msikilizaji mmoja kwa kanda moja.

Msomaji wa visiwani anao mfano wa karibu zaidi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na tangu 2019 lipo jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe. Kumvika taji mtu aliyekwisha kuvikwa na dunia si kazi. Kazi ilikuwa Februari 1973, pale Queen waliporekodi kwa mara ya kwanza katika studio za BBC, na nyimbo hizo zikasikika katika kipindi cha Peel. Albamu yao ya kwanza ilikuwa bado haijatoka, ilitoka Julai.

Watasema wapinzani: huyo alikuwa bawabu, na intaneti imewaondoa mabawabu. Kweli, alikuwa bawabu, na wengi waliachwa nje. Lakini bawabu mwenye jina hubishiwa hodi, hulaumiwa, huandikiwa barua ya matusi; naye aliandikiwa nyingi alipopiga rege na panki. Mtambo unaohesabu ulichokipenda jana ili ukupe mfano wake leo haulaumiki, wala hauwezi kukupa usichojua kwamba utakipenda. Nani angeuomba mtambo umpe nyimbo za Kishona? Peel aliwapigia Waingereza The Bhundu Boys wa Zimbabwe, bila hofu kwamba maneno hayaeleweki, na Waingereza wakacheza.

Wala wingi wa kura si dawa. Karibu kila mwisho wa mwaka, tangu 1976, wasikilizaji wa Peel walichagua nyimbo 50 bora. Hao walikuwa wasikilizaji waliozoeshwa mambo mapya kila usiku. Hata hivyo, walipoachiwa kura, mwaka baada ya mwaka walirudia majina yaleyale, mpaka mwaka 1982 ikabidi zihesabiwe nyimbo za mwaka huo tu. Ikiwa hao walikwama, umma usio na wa kuuzindua utafika wapi?

Peel hakuwa mtakatifu. Huko Texas, mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 26, alioa msichana wa miaka 15, na doa hilo halifutiki kwa wingi wa santuri. Linalotetewa hapa ni kazi, si mtu. Na kazi hiyo hata mwajiri wake hakuithamini ipasavyo: katika mwaka wake wa mwisho kipindi kilisogezwa hadi saa tano za usiku.

Wapenzi wa ushairi wasidhani haya ni ya magitaa na ya Ulaya peke yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Nani leo atathubutu kusema tungo zake si nzuri? Lakini hazikujiuza. Zilikuwa vinywani mwa watu, na watu hufa, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikachapwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi. Lau Mwalimu Sikujua angetegemea methali, pwani ingekuwa maskini kwa kiasi isichoweza hata kukijua.

Basi kila jarida, na kila kituo cha redio kinachorusha mashairi, lina deni. Katika kila toleo na kila kipindi liwemo jina moja ambalo hakuna anayelijua, lililochaguliwa na mtu aliyesoma hadi mwisho na aliye tayari kutia saini yake chini ya uchaguzi huo. Akikosea, alaumiwe. Bahasha iliyotoka Micheweni au Lamu ikikaa mezani bila kufunguliwa, asisingiziwe mtunzi kwamba chake si kizuri. Kizuri kimo ndani ya bahasha, kinangoja kisu.