Kabla Hujashika Msasa

Mwaka 1994 niliitwa kwenye shamba moja la kahawa upande wa Usa River, Arusha, nikaangalie gari lililokuwa limelala bandani. Ilikuwa Peugeot 404. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, matairi yamedidimia kwenye udongo. Mwenye shamba alitaka ling'ae, libebe bibi harusi Jumamosi.

Nikaanza na mlango wa kushoto. Chini ya rangi nyeupe ikachomoza nyeusi, imejikunja kama mkono wa kikombe. Nikasugua, ikaja nyingine pembeni yake. Tarakimu. Nilikuwa nawahi Jumamosi, nikaendelea na msasa mpaka likabaki bati tupu.

Kisha nikaingia uvunguni. Chini ya injini palifungwa bamba nene la chuma, limejaa makovu ya mawe. Kwenye buti kulikuwa na tanki la pili la mafuta. Na kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, matundu mawili ya duara: hapo ndipo msoma ramani hufunga saa zake. Nikaketi chini, nimeishiwa nguvu. Lile lilikuwa gari la mashindano.

Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ilinyesha hasa: yaliondoka magari 93, yakafika 7. Mengine yalibaki kwenye matope, na baadaye kwenye mabanda kama lile. Namba ya mlangoni, ukiilinganisha na picha za magazeti ya enzi hizo, ingetuambia ni gari gani na nani alilishika usukani. Niliifuta kwa mkono wangu.

Ndiyo maana nawaomba mafundi wenzangu na wenye magari: likitoka bandani, liacheni na vumbi lake kwanza. Kule California mwaka 2001 lilipatikana stoo gari la mbio aina ya Shelby Cobra Daytona Coupe, namba ya chasisi CSX2287, la kwanza kati ya sita tu yaliyowahi kuundwa. Lilikuwa limefichwa kwa takriban miaka 30. Leo liko kwenye makumbusho ya Simeone, Philadelphia, na wenyewe hawakulivika rangi mpya. Mikwaruzo yake wameiacha ilivyo. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana rangi mpya inanunulika dukani siku yoyote, lakini mkwaruzo wa mwaka 1964 haununuliki popote.

Kwetu hatari kubwa ni mizani ya chuma chakavu. Mzee akifariki, watoto wanataka uwanja, gari linakatwa vipande kabla ya arobaini.

Basi piga picha pande zote. Nakili namba ya chasisi. Muulize mama mzee wa nyumba ile, maana mara nyingi ndiye anayekumbuka gari lililetwa na nani na lilikuwa limechafukaje. Fungua kisanduku cha dashibodi taratibu, karatasi za zamani huvunjika. Na kama uko Arusha, Moshi au Karatu, niite. Nitakuja na tochi na kitambaa kikavu. Msasa nitauacha gereji.