PAA LA MAMA LISINGOJE MATANGA



Katika mkutano wa tawi uliopita yalisemwa mengi juu ya mfuko wetu wa kusaidiana. Wengi walitaka kujua kwa nini mimi na wenzangu wachache twataka sehemu ya fedha hiyo itumike kutengeneza nyumba mbovu za wazazi wa wanachama. Wengine walicheka, na mmoja akauliza tangu lini Chama kimekuwa kontrakta. Saa zilikwisha kabla sijajibu, basi namwomba Bwana Mhariri nafasi nijibu hapa.

Kwanza tutazame jambo ambalo kila mmoja wetu amekwisha kuliona. Mwenzetu akifiwa na mama yake, habari yafika kwenye yadi ya malori asubuhi, na kabla ya jua kutua daftari limekwisha kuzunguka. Mpakiaji atoa, dereva atoa, karani wa forodha atoa, hata kijana wa boda boda aliyesimama tu karibu atoa. Hilo ni jema wala silipingi. Lakini tazama yanayofuata kule nyumbani. Maiti itatoka hospitali Ijumaa ili izikwe Jumamosi, basi Jumatano fundi huitwa mbio. Ukuta uliokuwa wazi miaka sita hukandikwa kwa siku moja. Mabati mapya manne hupigiliwa mahali pale pale marehemu alipokuwa akiweka sufuria usiku kukinga maji. Chokaa hupakwa upande wa mbele tu, watakapoketi wageni. Mama alilala chini ya tundu lile misimu kumi ya mvua, nasi tumelifunga siku aliyokwisha kuacha kulilalia!

Kama mikono ilikuwapo na fedha ilikuwapo, ilikuwa wapi alipokuwa hai?

Nyumba hizi hazikuoza kwa sababu sisi wana ni wavivu. Zina historia yake, na historia hiyo ni ya mishahara. Wakati wa ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulihesabiwa kama wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mabwana walisema familia yake iko rizavu, ina shamba lake na nyumba yake. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa namna hiyo haumtoshi mtu mwenye familia. Maana yake ni kwamba nyumba ya kijijini ilikuwa ikimlipia tajiri sehemu ya mshahara. Mama alikandika ukuta bure, ili kijana wake akalale katika landi za reli kule Nairobi kwa ujira wa nusu mtu.

Leo sheria ni nyingine. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa au posho ya kutosha kodi ya nyumba. Lakini posho hiyo, kwa yule anayeipata, huishia mfukoni mwa mwenye nyumba wa mjini. Tena tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mtu wa shilingi 20,000 hukatwa shilingi 300 kila mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Siandiki hapa kubishana juu ya makato hayo. Nasema tu kwamba majengo niyaonayo yakiinuka kwa fedha hiyo ni ghorofa za mijini, na bado sijaona mzee hata mmoja wa kijijini kwetu aliyepigiliwa bati kwa makato yale. Basi jambo hili laturudia sisi wenyewe.

Januari iliyopita tulilijaribu. Watu kumi na wanne tulikwenda upande wa Chakol, kwa mama wa mwenzetu mmoja mpakiaji. Nyumba ni ya fito na udongo, vyumba vitatu, mabati ya zamani yaliyokuwa mekundu kwa kutu. Kabla ya kufika kila mtu alidhani kazi itakuwa paa. Fundi tuliyemwita alizunguka nyumba mara moja tu, akachuchumaa, akatuonyesha chini.

Yafaa kila mwenye wazazi kijijini ajue jambo hili, maana litamwokolea fedha. Ugonjwa wa nyumba ya udongo huanza miguuni. Paa likiwa na ukingo mfupi, maji huanguka karibu na ukuta yakarusha matope. Udongo wa chini hulika kidogo kidogo kila mvua, nguzo zikawa wazi, unyevu ukaziozesha pale zinapoingia ardhini, kisha mchwa wakamaliza. Nguzo zikizama paa huyumba, misumari hulegea, na hapo ndipo mwenye nyumba aona maji ndani. Naye hupanda juu kuziba tundu kwa lami, na mwaka ujao huziba tena, na hali nyumba yaendelea kuanguka kutoka chini.

Jumamosi ya kwanza tulishikilia paa kwa magogo, tukatoa nguzo saba zilizooza. Tukaweka nguzo za mkaratusi, nazo zilipakwa miguu yake oili chafu ambayo madereva walileta kutoka gereji kwa madebe, bila senti. Mchwa haipendi kabisa. Udongo mwekundu uliochanganywa na udongo wa kichuguu ulikuwa umekanyagwa Ijumaa jioni ukalazwa na maji usiku kucha, basi ulishika vizuri. Jumamosi ya pili tulifanya paa. Miti ya paa ilirefushwa ili ukingo utoke futi mbili nje ya ukuta, mabati kumi na mawili mabovu yakaondolewa, na mapya ya geji 30 yakapigiliwa kwa misumari yenye mpira. (Wengi hudanganyika dukani kwa geji 32 kwa kuwa ni rahisi. Nambari ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi. Hulijui mpaka upepo wa Machi ulikunje.) Mabati ya zamani yaliyobaki mazima yalikwenda kuezeka jiko. Kuzunguka ukuta tulipanga mawe ili maji yasirushe matope tena. Baada ya majuma mawili, udongo ulipokauka na kupasuka kama ilivyo desturi yake, kinamama wakaja kupaka mkono wa pili wa udongo laini na mavi ya ng'ombe.

Hapa nina neno ambalo sitaki lipite hivi hivi. Daftari la siku zile laonyesha majina ya wanaume kumi na wanne waliofanya kazi. Madumu zaidi ya sitini ya maji yalitoka kisimani kwa vichwa vya kinamama, chakula kilipikwa nao, na mkono wa pili wa ukuta ni wao watupu. Hakuna jina la hata mmoja wao. Je, udongo ulikanyagwa kwa mate? Mwandishi wa tawi na aandike majina yote, maana kuteka maji ni kazi.

Fedha yote iliyotoka, pamoja na ujira wa fundi na msaidizi wake, haikufika nusu ya ile tuliyochanga kwa matanga ya mwezi uliotangulia.

Sasa nije kwa waliopinga. Ndugu mmoja wa ujenzi alisimama mkutanoni akasema kwa hasira, “Mkifanya bure, mimi nitakula wapi?” Ndugu huyu ana haki ya kuuliza, na Chama kisichojali swali hilo si chama cha wafanya kazi. Mafundi wa ujenzi wana chama chao, nao wamepigania ujira wao miaka mingi. Kwa hiyo nasema wazi: fundi alipwe ujira kamili wa siku, asiombwe apunguze kwa sababu ni kazi ya kusaidiana. Sisi wengine tubebe, tukanyage, tuchimbe, tukoroge. Nyumba ya Chakol isingemwita fundi kamwe, maana mwenyewe hakuwa na fedha. Kwa mpango huu fundi alipata siku nne za kazi ambazo hazikuwapo. Na nyumba ya mwenye uwezo tusiiguse. Tajiri akija kutuambia tukampakie rangi nyumba yake kwa moyo wa Harambee, jibu ni kwamba rangi ina bei na mkono una bei.

Neno hili Harambee, tangu Mzee Kenyatta alipolitoa mwaka wa 1963, limejenga shule na zahanati nyingi. Lakini wazee watakumbuka pia siku zilizofuata, chifu alipopita nyumba kwa nyumba na asiyetoa akanyang'anywa kuku, wakuu wakipigiwa makofi jukwaani. Twataka mikono ya hiari. Asiyeweza kuja Jumamosi asiulizwe sababu, wala jina lake lisisomwe mkutanoni.

Mwingine alisema watu hawatakuja, kwamba umoja wetu ni wa barabarani tu. Sikubali. Mwezi wa Januari 2022, Uganda ilipowatoza madereva ada ya kupimwa korona mpakani, walikataa kuvuka. Msururu wa malori ulijaa barabara, petroli ikapungua Kampala, na ada ile ikaondolewa. Watu walioweza kulala ndani ya malori siku zote hizo wataweza kukanyaga udongo asubuhi moja.

Kuna hatari moja ambayo hakuna aliyeitaja mkutanoni nayo ndiyo yanitisha zaidi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 humlinda mwajiriwa. Anayekwenda kusaidia nyumbani kwa rafiki si mwajiriwa wa mtu. Akianguka kutoka kwenye paa akavunjika mgongo, hana wa kumdai, na watoto wake wataletwa kwenye mfuko huu huu. Basi juu ya paa apande fundi na msaidizi wake peke yao. Mti wa paa uliokwisha kuliwa na mchwa hauonyeshi kitu kwa nje. Ugonge kwa nyundo, ukilia tupu usiukanyage. Ngazi iwe nzima. Na ajono na busaa zingoje jioni, vyombo vikiwa vimekwisha kukusanywa. Huko Chakol mrija ulitaka kutangulia kazi, na ilibidi mzee mmoja akalie chungu.

Tena ndugu wa nyumba. Mara nyingi paa halitengenezwi kwa sababu kila mwana aogopa maneno: nikitia bati langu, mdogo wetu, ambaye kwa desturi ndiye atakayebaki na nyumba ya mama, atasema nataka kumnyang'anya, nisipotia, watasema nimemtupa mzazi. Hivyo wana watano wenye mishahara huacha mama alowane. Dawa yake ni karatasi moja. Kabla ya kung'oa nguzo ya kwanza ndugu waitwe, mzee wa kijiji awepo, iandikwe kwamba matengenezo ni kwa ajili ya mama na hayampi mtu haki juu ya nyumba wala kiwanja. Kila ukoo na mila zake pia ziulizwe, hasa juu ya nguzo ya kati na mlango. Chama kisiingie katika boma ambalo ndugu hawajatia sahihi.

Juu ya vifaa: wengi wetu hupenda saruji ya Tororo, kwa kuwa kiwanda kiko karibu sana na Malaba. Sawa, lakini isipite njia za panya. Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 iliyotengenezwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti rahisi hapo mpakani, na makarani wetu wenyewe watakuonyesha. Gharama nyingine uziulize kabla ya kununua. Itakuwa aibu nyumba ya mama kutengenezwa kwa mfuko uliokamatwa.

Maombi yetu mbele ya mkutano ujao ni haya. Robo ya mfuko wa kusaidiana itengwe kwa nyumba za wazazi walio hai. Nyumba moja kwa mara moja, Jumamosi mbili au tatu, kuanzia kwa mzazi mzee zaidi asiye na mtu. Robo hiyo tuipate kwa kupunguza hema za kukodi, vyombo vya sauti na mpiga picha wa matanga. Jeneza, gari la maiti na chakula cha wageni visiguswe. Atakayepinga aje na hesabu, asije na kicheko.

Kazi ya udongo na paa yataka ukame, nao kwetu ni Desemba hadi Februari, kabla mvua ya Machi haijaanza. Mwenye kutaka nyumba ya kwao iandikwe amwone mwandishi wa tawi mapema, aje na karatasi ya ndugu zake, na awe amekwisha kupima mambo matatu: urefu wa ukuta, idadi ya nguzo zilizooza, na idadi ya mabati. Asikadirie akiwa Malaba. Aende nyumbani, achuchumae, atazame chini.