Sigara 'nyepesi' ni mizani ya uongo

WAFANYABIASHARA wanaopita Malaba na Busia wanaijua hila ya gunia. Linaweza kuandikwa kilo 100, lakini mnunuzi makini wa mahindi haondoki Mbale kabla ya kulipandisha kwenye mizani. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akifika kioskini, hununua sigara kwa kuamini jina tu: hii kali, hii nyepesi, hii ya mentholi haina neno.

Jinja haikuanza kuijua sigara jana. British American Tobacco ilijenga kiwanda mjini humo mwaka 1928. Hata hivyo, kuzoea kitu si kukielewa.

Sigara moja hubeba takriban miligramu 10 hadi 14 za nikotini. Inayoingia mwilini ni kama miligramu moja hadi moja na nusu, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya sigara inayoitwa kali na inayoitwa nyepesi.

Tofauti iliyotangazwa kwa miaka mingi ilitoka kwenye mashine. Mashine hiyo huvuta mililita 35 za moshi kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika. Sigara 'nyepesi' ina vitundu vidogo kwenye kichungi. Hewa hupenya humo, moshi huzimuliwa, na mashine husoma namba ndogo.

Mvutaji si mashine. Mwili uliozoea nikotini hudai kiasi chake. Basi huvuta kwa nguvu zaidi, hurudia upesi, na vidole au midomo yake huziba vile vitundu bila yeye kujua. Pamoja na nikotini, huvuta pia lami na kaboni monoksidi.

Hali ni hiyohiyo kwa dereva wa lori anayejipongeza kwamba ametoka sigara 20 kwa siku hadi kumi. Mara nyingi kila moja ya hizo kumi huvutwa kwa nguvu zaidi, hivyo sumu haipungui kwa nusu kama anavyodhani.

Marekani ilipiga marufuku majina kama 'nyepesi' kwenye pakiti mwaka 2010. Rangi za pakiti zikachukua nafasi ya maneno, na mteja akaendelea kudanganyika. Hilo ni funzo kwa Afrika Mashariki.

Kenya ina sheria ya tumbaku ya mwaka 2007, Uganda ya mwaka 2015. Kijana wa miaka 18 anaruhusiwa kununua sigara upande wa Kenya, lakini akivuka kuingia Uganda lazima awe na miaka 21. Uganda inakataza kuuza sigara moja moja, lakini biashara hiyo ingalipo, na anayenunua moja haoni onyo lililo kwenye pakiti.

Jumuiya inayotaka bidhaa zivuke mipaka bila vikwazo inapaswa kuoanisha pia sheria hizi: umri mmoja, onyo moja, na marufuku moja dhidi ya majina na rangi zinazopotosha.

Kabla ya hapo, mfanyabiashara asilipe zaidi kwa ajili ya neno 'nyepesi'. Kubadilisha aina ya sigara hakumpunguzii mzigo. Kinachomsaidia ni kuacha kabisa, na kituo cha afya ndipo pa kuanzia kuomba msaada.