Sarafu za wakubwa zinadumu, franga za wadogo hazidumu

Tarehe 10 Februari 2025, Rais Faustin-Archange Touadéra wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alitangaza sarafu ya kripto yenye jina la nchi yake, CAR. Tarehe 14, Rais Javier Milei wa Argentina akaisifu nyingine, LIBRA. Siku hiyohiyo uwanja wa ndege wa Kavumu ukaangukia mikononi mwa AFC/M23, na siku mbili baadaye ikawa zamu ya Bukavu. Sarafu hizo mbili zilipanda kwa saa chache, kisha kwa siku chache zikapoteza zaidi ya tisa ya kumi ya bei yake. Wakati huo familia zilizovuka ziwa kuja Idjwi zilikuwa bado zinatafuta pa kulaza watoto.

Mtu anaweza kuuliza: mambo ya Bangui na Buenos Aires yanaihusu nini Idjwi? Yanaihusu kwa sababu ya simu. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango vita vilipofika. Tangu hapo, ndugu aliye Kinshasa au Ulaya akituma kitu, kinapita kwenye simu, na anayekitoa anakatwa komisyo ya juu. Simu hiyo inayoleta dola 20 za unga na dawa ndiyo inayoleta pia maneno matamu: nunua sarafu ya rais fulani, kesho utakuwa na mara kumi. Kijana aliyekimbia na kuacha shamba anaona njia ya kurudi juu haraka. Si mjinga. Amebanwa.

Wanaozitetea sarafu hizi wana hoja moja yenye uzito: zimekataa kufa. Ile ya Rais Donald Trump wa Marekani ilitolewa tarehe 17 Januari 2025, siku tatu kabla ya kuapishwa kwake. Ndani ya siku mbili ilipita dola 70. Kufikia Aprili ilikuwa chini ya dola 10. Ya mke wake, Melania, ilitoka tarehe 19 Januari, ikafika dola zaidi ya 10, kisha ikashuka chini ya dola moja. Lakini ziliendelea kuuzwa na kununuliwa. Basi, wanasema, kitu kinachodumu hivyo lazima kiwe na thamani.

Hapo ndipo inafaa kuangalia nani anadumu. Sarafu ya Trump ilipangwa kuwa vipande bilioni moja. Milioni 200 tu ndivyo viliwekwa sokoni mwanzoni. Asilimia 80 zilibaki kwa kampuni zilizo karibu na Trump mwenyewe, za kufunguliwa polepole kwa miaka mitatu. Mama anayeuza sambaza anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kama tajiri mmoja ameficha vikapu 800 kati ya 1,000, bei ya leo sokoni ni bei ya ruhusa yake. Siku atakapovitoa, wenye kikapu kimoja watauza kwa hasara.

Kuna jambo la pili. Kila sarafu inapobadilisha mikono, kuna ada kidogo inayokatwa. Bei ikipanda, ada inakatwa. Bei ikishuka na watu wakikimbia, ada inakatwa pia. Kampuni ya Chainalysis, inayofuatilia biashara ya kripto, ilieleza Mei 2025 kwamba waliotoa sarafu ya Trump walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 300 za ada. Mikoba zaidi ya 700,000 ilikuwa imepata hasara, na mikoba 58 ilipata kila mmoja faida ya zaidi ya dola milioni 10. Kwa hiyo ni kweli sarafu inadumu. Inadumu kama kivuko kinavyodumu: mwenye boti analipwa, abiria afike au azame.

Nguvu ya tatu ni jina lenyewe. Aprili 2025 ilipotangazwa kwamba wenye sarafu nyingi zaidi, 220, wataalikwa chakula cha jioni na Trump, bei iliruka. Tarehe 22 Mei watu walikula karibu na Washington, na bei ikashuka tena. Hakuna shamba lililovunwa wala kiwanda kilichofunguliwa. Jina lilitajwa, basi. Sarafu ya namna hii itaendelea kuamka kila mwenye jina atakapokohoa, kwa muda wote atakaokuwa na mamlaka. Lakini mwanasiasa hamwambii mtu wa Bugarula siku atakayokohoa.

Wakongomani hawahitaji kwenda Marekani kupata somo hili. Noti za Zaire zilikuwa na sura ya Mobutu. Desemba 1979 alifuta noti za zaire 5 na 10, na wenye akiba chini ya godoro walipewa siku chache tu. Mwisho wa 1992 ikatolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema haitambuliki, wauza duka wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi mjini Kinshasa, watu wengi wakauawa. Sura ilikuwa ileile, na mwenye sura alikuwa bado ikulu. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea noti mkononi. Wazee wanakumbuka pia Bindo ya 1990 na 1991, iliyoahidi kuzidisha pesa kwa wiki chache. Wa kwanza walilipwa kwa franga za waliofuata, kisha ikaanguka.

Ni haki kusema kripto si kitu kimoja. Hifadhi ya Virunga ilianza 2020 kuchimba bitcoin kule Luviro kwa umeme wa maji, kutafuta mapato wakati watalii walikuwa wamepotea. Na pale benki zimefungwa, njia ya kutuma dola kwa simu bila komisyo ya kunyonya ingekuwa msaada wa kweli. Hoja hapa haipingi teknolojia. Inapinga kuweka pesa ya dawa ndani ya umaarufu wa mtu.

Swali la familia haliwezi kuwa "je, sarafu hii itakuwepo mwaka ujao?" Huenda itakuwepo. Swali ni: mtoto akishikwa na malaria usiku wa Jumanne, nani atanunua sarafu hiyo Jumatano asubuhi, na kwa bei gani? Mlima wa nanasi sokoni una bei kama boti ya kuyabeba imefika. Boti isipokuja, mwenye nanasi 1,000 na mwenye nanasi 10 wote wanakula nanasi.

AVEC za kisiwani hazimfanyi mtu tajiri, na vita vimeonyesha kwamba sanduku nalo linaweza kuporwa. Hata hivyo mwanachama anajua franga zake ziko kwa nani, nani amekopa, na siku gani zitagawanywa. Mali bila daftari huisha bila habari. Viongozi wa AVEC, wachungaji, walimu na kamati za waliohama wangefanya vizuri kulitaja jambo hili waziwazi kwenye mikutano yao: msaada unaoingia kwenye simu ni wa chakula, dawa, mbegu na nyavu. Anayetaka kujaribu bahati na sarafu ya rais atumie franga ambazo zikipotea nyumba bado italala imekula. Kwa familia nyingi za Idjwi leo, franga za namna hiyo hazipo.