Anayejaza Fomu Ndiye Bawabu wa Chuo

Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, elimu ya chuo kikuu ilianza nchini mwetu katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi wa miguu kutoka Soko la Kariakoo. Wanafunzi walikuwa wachache, wote wa sheria, na chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na Kariakoo ikabaki na biashara zake. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa katikati ya jiji, safari ya kwenda chuoni bado inaanzia mitaa ileile. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hujipanga kwenye steshenari za Msimbazi, Uhuru na Lumumba wakiwa na bahasha mkononi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, picha ndogo, na namba ya mtihani iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Anayewapokea ni kijana mwenzao aliyeketi nyuma ya kompyuta. Katika muda mfupi anaokaa na kila mmoja, yako mambo atakayoyaamua ambayo hayatarekebishika kwa urahisi.

Makala haya yanamhusu huyo kijana wa steshenari, pamoja na mwalimu wa unasihi shuleni na kiongozi wa serikali ya mtaa. Hoja yangu ni hii: tumejenga mfumo wa udahili na mikopo ambao mwombaji wa kawaida hawezi kuupita bila msaidizi anayeujua, lakini hatujamfundisha msaidizi huyo. Gharama ya kutokujua kwake hailipi yeye. Hulipwa na mtoto wa mama lishe na wa mchuuzi.

Tuutazame mfumo wenyewe. Hadi kufikia mwaka 2017, maombi ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu hapo mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na kila chuo kina tovuti yake na utaratibu wake. Mwongozo wa Tume unataka, kwa mhitimu wa kidato cha sita, ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo lazima yawe yale yanayotambuliwa na programu anayoiomba. Akidahiliwa na vyuo viwili au zaidi, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au baruapepe aliyoitumia wakati wa kuomba, tena ndani ya siku zilizopangwa.

Upande wa mikopo una masharti yake. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi aambatanishe cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Anayetoka katika kaya inayonufaika na TASAF aonyeshe hivyo. Fomu isainiwe na mdhamini, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha ipandishwe tena kwenye mfumo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile iliyotumika kuombea chuo. Kila sharti kati ya haya lina sababu yake, wala silibezi hata moja. Nasema tu kwamba kwa pamoja yanahitaji maarifa ambayo kijana wa miaka kumi na tisa hana, na mzazi aliyeishia darasa la saba hawezi kumpa.

Sasa tuulize nini hutokea msaidizi asipojua. Kijana wa steshenari, kwa nia njema ya kuokoa muda wakati foleni ni ndefu, hujaza namba yake mwenyewe ya simu. Ujumbe wa kuthibitisha chuo unapokuja, unaingia katika simu ya mtu aliyeshasahau jina la mwombaji. Au asiyejua umuhimu wa taarifa za TASAF anapita kipengele hicho haraka, na mwombaji aliyestahili kutambuliwa kuwa mhitaji anaonekana kama mtu asiye na ushahidi wa uhitaji wake. Au herufi moja ya jina inatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, na hakuna wa kumwambia kijana kwamba jambo hilo hushughulikiwa mapema, kabla dirisha halijafunguliwa. Makosa haya ni madogo kama makosa ya karani yeyote. Tofauti ni kwamba karani wa benki akikosea, hundi hurudi. Hapa kinachorudi ni kijana, nyumbani, kwa mwaka mzima.

Wapo watakaosema kazi ya kumwongoza kijana ni ya shule. Ni kweli, na kimaandishi jambo hilo lilishaamuliwa. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 ulielekeza shule ziwe na huduma ya unasihi na walimu wa kuisimamia. Lakini katika shule nyingi za serikali mwalimu huyo ni mwalimu wa Jiografia au Kiswahili mwenye vipindi vyake vyote, madaftari yake yote na zamu yake ya wiki, aliyeongezewa jukumu la unasihi katika kikao cha walimu. Hakupewa chumba, hakupewa saa, hakupewa mafunzo. Anachokijua kuhusu vyuo ni alichokipitia yeye alipokuwa mwombaji, pengine katika mfumo uliokwisha kufutwa. Nchini Marekani, chama cha wanasihi wa shule hupendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na huko nako shule nyingi hazifikii kiwango hicho. Sisi bado hatujafikia hatua ya kubishana juu ya uwiano, kwa kuwa hatujakubaliana kwamba hii ni kazi inayojifunzwa.

Na maarifa yenyewe hayasimami. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikaungana na 16 za zamani kuwa 65. Binafsi nayaona mabadiliko hayo kuwa mema kwa sababu yamefungua njia za michezo, sanaa, biashara na lugha. Lakini tahasusi ni ahadi inayotolewa miaka miwili kabla ya chuo. Anayetaka udaktari asiposoma Fizikia, Kemia na Baiolojia amejifungia mlango akiwa kidato cha nne, na hatalijua hilo hadi amalize cha sita. Ni nani katika shule za Kariakoo na Gerezani aliyepewa hata siku mbili za kuelezwa kila tahasusi kati ya hizo 65 inaelekea katika shahada zipi? Tumebadilisha ramani bila kumwita anayeongoza njia aje aione.

Mwaka 2023/24 mikopo ilianza kutolewa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Hii ni habari kubwa kwa kijana ambaye pointi zake hazikutosha shahada. Anaweza kupitia stashahada katika chuo cha ufundi au biashara, kisha akaendelea. Msaidizi asiyeijua njia hiyo humwambia kijana maneno mawili tu, "umefeli, rudia." Asiyejua kwamba upo muda wa kukata rufaa ya mkopo humwambia akubali yaishe. Na asiyejua kwamba sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inaelekeza asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika ikatwe hadi deni liishe, humsainisha kijana deni la miaka mingi kama anayemsainisha risiti ya nakala za karatasi.

Historia inatufundisha kwamba bawabu wa chuo hajawahi kukosekana. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kufanya kazi kwanza, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro kubwa, na wapo walioachwa nje kwa chuki ya mtu mmoja ofisini. Lakini bawabu alijulikana. Alikuwa na cheo, na palikuwa na mahali pa kumlalamikia. Bawabu wa leo hana cheo, hana mafunzo, na hawajibiki kwa yeyote. Tumefuta lango la chama na kuweka lango la kompyuta, kisha tukajiaminisha kwamba lango la kompyuta halina mlinzi.

Nayajua mapingamizi mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza linasema: rahisisheni mfumo, msaidizi hatahitajika. Naunga mkono kurahisisha. Lakini hata mfumo rahisi hauwezi kumwambia kijana kama uuguzi unamfaa kuliko uhasibu, au kama chuo cha mkoani chenye gharama ndogo za maisha kinamfaa kuliko cha Dar es Salaam. Fomu huuliza, haishauri. La pili linasema: ukimfundisha mwenye steshenari utakuwa umewahalalisha vishoka. Wasomi wenzangu hupenda hoja hii kwa sababu inasikika kuwa ya kimaadili.

Jibu langu liko katika historia yetu wenyewe, tena si ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilikiri ukweli kuhusu dawa: wananchi wengi, hasa vijijini, walinunua dawa katika maduka ya dawa baridi kwa wauzaji wasio na mafunzo ya kutosha, na baadhi yao waliuza dawa wasizoruhusiwa kuuza. Njia nyepesi ilikuwa kuyafunga na kuwaacha wagonjwa bila pa kwenda. Badala yake, kuanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulijengwa mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji akafundishwa, duka likakaguliwa, orodha ya dawa anazoruhusiwa ikawekwa, na alama ikabandikwa mlangoni ili mteja ajue. Mpango ukaenea nchini. Haukuondoa kila uovu, lakini ulimtoa muuzaji gizani na kumpa jambo la kupoteza endapo angevunja masharti. Tulichokifanya kwa vidonge tunashindwaje kukifanya kwa fomu?

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi rasmi, na mafunzo ya udahili, tahasusi na mikopo yaingizwe katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambayo tayari yana utaratibu wake. Mafunzo hayo yarudiwe kila mwaka mwongozo mpya unapotoka, kwa kuwa maarifa ya mwaka juzi katika jambo hili ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Pili, wenye steshenari wanaotaka kutoa huduma hii wapewe mafunzo mafupi na Bodi ya Mikopo pamoja na Tume, wasajiliwe, na wafungwe na masharti machache yanayoeleweka: namba ya simu na nywila ni za mwombaji peke yake, mwombaji asome kila ukurasa kabla ya kutuma, bei ibandikwe ukutani, hakuna kupokea kamisheni kutoka chuo chochote.

Tatu, viongozi wa serikali za mitaa, ambao saini zao zinahitajika kwenye fomu, waelezwe saini hiyo inathibitisha nini hasa. Leo wapo wanaosaini bila kumjua mwombaji, na wapo wanaomzungusha mwombaji wanayemjua.

Nne, maonesho ya vyuo vikuu, ambayo yamekuwa yakifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo, yatanguliwe na siku mbili za wasaidizi. Maofisa wote wanaohitajika huwa wako pale tayari, mahema yameshasimikwa, na gharama kubwa imeshalipwa. Kilichobaki ni kumwalika mwalimu, kijana wa steshenari na mwenyekiti wa mtaa waketi, waulize, wajibiwe.

Kwa wanafunzi wangu wanaosoma hapa nina neno pia. Ninyi ndio mlioupita mlango huu karibuni kuliko mtu yeyote. Kila mmoja wenu ana mdogo wake au jirani ambaye mwaka ujao ataushika mwongozo wa udahili kwa mara ya kwanza. Msaidieni, lakini msijifanye mnajua msichokijua. Someni mwongozo wa mwaka huo, si wa mwaka wenu.

Kwa watumishi wa umma: ada za kidato cha tano na cha sita ziliondolewa mwaka 2022, nanyi mnajua maana yake. Idadi ya vijana watakaofika kwenye kizingiti cha chuo itaongezeka, na wengi wao watakuwa wa kwanza kufika hapo katika koo zao. Mtoto wa mwenye uwezo ana mzazi aliyesoma, na pengine shule iliyomwajiri mshauri kwa kazi hiyo. Mtoto wa Kariakoo ana mwalimu aliyechoka na kijana wa steshenari aliyejifundisha mwenyewe. Serikali iliyolipa gharama za miaka kumi na mitatu ya masomo ya mtoto huyu, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, inashindwaje kulipia siku mbili za mafunzo ya mtu atakayemjazia fomu?